Haki ya Kughairi

Kila anayeomba viza ya mwanafunzi katika ubalozi wa Marekani pale Gigiri anajibu swali moja, hata asipoulizwa kwa mdomo: utarudi?

Sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1952, kifungu cha 214(b), inasema mwombaji achukuliwe kuwa anataka kuhamia huko kabisa, mpaka amridhishe ofisa kwamba sivyo. Mahakamani mtu hana hatia mpaka ithibitishwe. Dirishani mambo ni kinyume: unaanza ukiwa mshukiwa, halafu unajitetea kwa dakika chache. Ukikataliwa, hakuna rufaa. Unaweza kuomba upya, na zile dola 185 za ombi unalipa upya.

Sibishani na mlango. Kila nyumba ina mlango, na mwenye nyumba ana haki ya kuuliza nani anabisha. Swali langu ni lingine: je, ni haki kumtaka kijana aahidi kwamba masomo hayatambadilisha?

Maana nia haibebwi kwa bahasha. Iko moyoni, na hata mwenyewe huijua nusu nusu. Mtu wa miaka 19 hajui atakachotaka akiwa na 24. Kama anajua tayari, basi sijui anaenda kusoma nini. Na kwa kuwa ofisa hana jicho la kuona moyo, anatazama vitu: hati ya shamba, karatasi ya mshahara wa baba, taarifa ya benki, kazi inayokungoja nyumbani. Hapo ndipo jambo baya hutokea kimyakimya. Mwenye mali anaonekana mkweli, na aliyechangiwa nauli kwa harambee ya kijiji kizima anaonekana mwongo. Swali lilikuwa la nia, jibu limekuwa la mali. Umaskini umegeuzwa ushahidi wa uongo.

Tuseme umepita. Viza ya F-1 haikuruhusu kuyumba. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza lazima achukue masomo kamili, kwa kawaida angalau krediti 12 kwa muhula. Kibarua cha chuoni kisizidi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni jembe analitaka mwenyewe, ila anapimiwa kwa saa. Akiacha masomo kwa idhini ya chuo, ana siku 15 za kuondoka nchini. Akiacha bila idhini, hana hata moja.

Hizo siku 15 zilinigusa kwa sababu mimi niliacha chuo. Mwaka wa tatu, hapa hapa Kenya. Mama alinuna, mjomba aliyekuwa akichangia karo akaacha kushika simu zangu, nikahamia chumba cha bei nafuu na kuanza kuandika kwa malipo. Yalikuwa magumu, na bado si rahisi, lakini hakuna aliyenihesabia siku. Niliruhusiwa kughairi. Sikuwahi kufikiria hiyo kuwa haki, kwa vile kitu cha kila siku hukioni. Mwenzangu aliye ughaibuni, mwenye akili ile ile na mashaka yale yale, akighairi anapoteza chuo, kazi, chumba na marafiki kwa wiki mbili. Kwa hiyo haghairi. Anamaliza shahada asiyoiamini, nasi huku tunamsifu kwa bidii.

Kuna hoja nzito upande wa pili, na si vizuri kuiruka. Ati masharti kama haya yanatulinda sisi, ili nchi iliyomlea na kumsomesha mtoto isiporwe daktari wake. Viza ya J-1, wanayopewa watafiti wengi pamoja na madaktari walio mafunzoni, ina sharti la namna hiyo: madaktari hao, na baadhi ya watafiti, wanatakiwa kwanza kukaa kwao miaka miwili ndipo waruhusiwe kuomba ukaazi wa kudumu Marekani. Nilitaka kuikubali hoja hii. Halafu nikaona jinsi sharti lenyewe linavyoondolewa. Kila jimbo la Marekani linaweza kupendekeza hadi madaktari 30 kwa mwaka wasamehewe, mradi wafanye kazi miaka mitatu mahali penye uhaba wa madaktari. Wagonjwa wa huko nao ni watu, wanastahili daktari. Lakini kama ile miaka miwili ilikuwa deni la daktari kwa nchi yake, mbona anayelisamehe ni nchi nyingine? Mimi siwezi kukusamehe pesa unazodaiwa na jirani yangu. Nikijaribu, basi ni wazi kwamba shida ya jirani haikuwahi kuniumiza kichwa.

Na kabla hatujajiona watakatifu, tutazame Kakuma na Dadaab. Yupo kijana aliyezaliwa kambini, akafuata mtaala wetu, akafanya KCSE kama sisi. Akipata nafasi ya chuo Nairobi, anahitaji kibali cha kutoka kambini, na aeleze anaenda wapi na kwa nini. Hajui nchi nyingine yoyote. Naye tunamuuliza lile lile la Gigiri: utarudi? Kwake kurudi ni kwenye hema.

Sidai mipaka ifutwe. Nadai swali libadilishwe. Muulize mwanafunzi anachofanya: anahudhuria, analipa, ametii sheria? Hayo yana ushahidi. Akighairi, mpe hata muhula mmoja wa kutafuta njia nyingine. Na atakachotaka kuwa miaka mitano ijayo mwachie mwenyewe, kama sisi wengine tulivyoachiwa.