Aliyewakimbiza Ndugu Akaitwa Ndugu

Somo: Matendo ya Mitume 9:1-30, 11:19-26

 

Sisi tunaosali hapa Mafubira tunajua maana ya kukimbia. Kila nyumba ina habari yake. Kwa hiyo tunaposoma habari za Sauli wa Tarso, tusipite upesi. Katika habari hii sisi tuko upande wa wale aliowakimbiza.

Sauli alikuwa mtu wa dini, mwanafunzi wa Gamalieli, raia wa Rumi. Stefano alipopigwa mawe, mashahidi waliweka nguo zao miguuni pake. Kisha akaingia nyumba kwa nyumba, akiburuta wanaume na wanawake na kuwatia gerezani. Waumini wakatawanyika, wengine mpaka Foinike, Kipro na Antiokia. Sauli hakuridhika. Akaomba barua awafuate hata Dameski.

Njiani nuru ikamwangusha. Yesu hakumwuliza kwa nini analitesa kanisa. Alimwuliza kwa nini anamtesa Yeye. Mama uliyepigwa, baba uliyenyang'anywa shamba, sikia hapo: pigo lililokupata, Yesu alilihesabu kuwa lake.

Siku 3 Sauli hakuona, hakula, hakunywa. Bwana akamtuma Anania. Anania akaeleza hofu yake waziwazi, wala Bwana hakumkemea kwa kuogopa. Lakini alikwenda, akaweka mikono juu yake, na neno la kwanza alilomwambia lilikuwa kumwita ndugu.

Yerusalemu nako wanafunzi walimwogopa, mpaka Barnaba aliposimama naye. Baadaye Barnaba akamleta Antiokia, akafundisha mwaka mzima. Na kanisa la Antiokia lilianzishwa na nani? Na wale waliotawanyika kwa mateso yaliyotokea juu ya Stefano! Wakimbizi walipanda kanisa, na aliyewakimbiza akaja kulihudumia.

Msiseme hayo ni ya zamani. Apolo Kivebulaya, Mganda aliyewahi kuwa askari, alibatizwa mwaka 1895. Mwaka 1896 akapeleka Injili Mboga, ambako leo ni Kongo. Mtawala wa huko, Tabaro, aliamuru apigwe, akaachwa kama maiti. Apolo alipopona hakuacha kazi, alihubiri palepale. Tabaro mwenyewe akaja kuamini na kubatizwa, na Apolo hakumfungia mlango. Alitumika huko mpaka alipofariki Mboga mwaka 1933.

Wapendwa, tujifunze mambo mawili.

Kwanza, kumpokea mtu si kusema hakutenda. Paulo mwenyewe aliandika katika nyaraka zake kwamba aliliudhi kanisa la Mungu. Hakusema ni uvumi, wala hakuwasingizia wenzake. Anayetubu kweli hutaja alilofanya. Na wewe ambaye moyo wako bado unatetemeka, mwambie Bwana hofu yako kama Anania. Kanisa lisikuharakishe.

Pili, tusimhesabie mtu makosa ya kabila lake. Jumapili akiingia mtu anayesema lugha ya wale waliotufukuza, mara nyingi benchi hubaki tupu kushoto na kulia kwake. Bombani tunanyamaza akifika. Je, tumemwuliza habari zake? Huenda naye alikimbia usiku, na mtoto mgongoni. Sauli alikuwa na hatia, akapokelewa. Huyu hatujui hata kama ana kosa! Watoto wetu wanasikia tunayosema jioni, na chuki tunayowaachia itawafuata hata siku tutakaporudi nyumbani.

Jumapili ijayo, mmoja wetu aende akae kwenye benchi lile, ampe mkono, amwite ndugu.

Tuombe: Bwana Yesu, unayajua majeraha yetu, kwa maana ulisema ni yako. Tupe ujasiri wa Anania na moyo wa Barnaba. Waliotukimbiza uwakute njiani kama ulivyomkuta Sauli. Na siku watakapobisha mlangoni, utusaidie kufungua. Amina.