Je, baba aliyepigana vita awaambie watoto wake?

Katika toleo hili tunaomba tuache kidogo mafundisho ya kawaida, tuzungumze juu ya swali ambalo mama mmoja wa Muyinga mjini alilileta mbele ya kamati yetu. Yeye si mkimbizi. Ni Mrundi, mwenyeji wetu, ambaye huja kuuza chumvi na sabuni siku za soko, na Jumapili nyingine husali pamoja nasi kwa sababu Kiswahili anakielewa vizuri. Ametupa ruhusa ya kuandika, mradi tusitaje jina lake, wala la mume wake, wala la kilima chao.

Mume wake alipigana. Aliingia msituni akiwa na miaka 17, miaka michache baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993 na nchi kuwaka moto. Kundi lake liliweka saini ya kusimamisha vita mwezi wa Novemba 2003. Mwisho wa mwaka 2004 kazi ya kuwarudisha wapiganaji uraiani ikaanza, na mwaka uliofuata yeye alipita katika kituo cha Gitega, akaacha bunduki, akaahidiwa posho ya mishahara ya miezi 18 ambayo ililipwa kwa awamu. Kwa posho hiyo alinunua vyombo vya kutengenezea baiskeli. (Wale walioitwa walinzi wa amani, yaani raia waliopewa silaha na jeshi ili walinde vilima vyao, walipata faranga 100,000 mara moja tu, na wengi walinung'unika. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.)

Tangu hapo ni baba wa nyumba. Ana watoto watano. Hanywi pombe, analipa karo kwa wakati, na jioni humbeba binti yake mdogo juu ya baiskeli ya mteja eti anaijaribu breki. Mkewe anasema kuna jambo moja tu: radi ikipiga usiku, yeye hutoka nje na kukaa chini ya ukingo wa paa mpaka mvua iishe, wala hasemi neno.

Mwaka jana mtoto wake wa kwanza, kijana wa sekondari, alirudi kutoka shule akauliza, "Baba, wewe ulipigana upande gani, na ulifanya nini?" Baba akamtuma maji. Siku ya pili kijana akauliza tena. Ndipo mama alipokuja kwetu akasema, "Wazee wangu, nifanyeje? Nimwambie mume wangu aseme, au nimwambie mtoto anyamaze?"

Tulimjibu upesi mno. Tulisema damu ya Kristo imekwisha kuosha, na kidonda kilichopona hakichokonolewi. Mtoto aambiwe tu kwamba baba yake aliteseka na Mungu akamrudisha nyumbani. Mama akashukuru, akaenda zake. Sisi tukaona tumefanya kazi nzuri.

Kijana hakunyamaza. Alienda kuuliza kwa jirani, na jirani akamwambia zaidi ya yaliyokuwako. Kwa wiki tatu hakula meza moja na baba yake. Hapo tuliona kwamba tulikuwa tumempa mama yule neno la kutupumzisha sisi wenyewe.

Tukarudi katika Biblia, na hatukupata hapo yale tuliyokuwa tumesema. Someni Hesabu sura ya 31. Wanaume wale walitoka vitani, tena vita ambavyo walikuwa wameamriwa, na bado Musa aliwazuia wasiingie kambini mara moja. Kila aliyeua mtu alikaa nje siku saba, akajitakasa siku ya tatu na siku ya saba. Hakuna aliyewaambia kwamba kwa kuwa waliamriwa, basi hakuna kitu. Daudi naye, mtu aliyependwa na Bwana, alizuiwa kujenga hekalu kwa sababu ya damu nyingi aliyomwaga, naye alimweleza mwanawe Sulemani sababu hiyo kwa kinywa chake mwenyewe. Angalieni hilo: baba alimwambia mtoto. Na katika karne ya nne Askofu Basili wa Kaisaria aliandika kwamba mababa hawakuhesabu kuua vitani kuwa sawa na uuaji, lakini akashauri kwamba huenda ni vema walioua wakae miaka mitatu bila kushiriki Meza ya Bwana. Hatusemi turudishe kanuni hiyo. Tunasema wazee hao walijua kwamba mtu anayerudi kutoka vitani ana safari nyingine ya kufanya kabla hajafika nyumbani, na ya kwamba jamaa yake inapaswa kuijua safari hiyo.

Wako wanajeshi wa zamani ambao kwao jambo hili ni jepesi zaidi. Mwezi wa Juni 2022 Mfalme Filipo wa Ubelgiji alimvisha nishani mjini Kinshasa mzee Albert Kunyuku, mwenye miaka 100, Mkongomani aliyetumwa hadi Burma katika vita kuu ya pili. Wajukuu wa mzee wa namna hiyo hukaa miguuni pake na kuomba hadithi. Vivyo hivyo wazee wa Tanganyika, Kenya na Uganda waliokwenda Burma na jeshi la King's African Rifles. Vita vyao vilikuwa mbali, na mjane wa mtu waliyempiga hakuja kununua chumvi kwa wake zao. Fundi wetu wa baiskeli alipigana katika vilima alimozaliwa. Hakuna nishani yake, na mashahidi wake ni majirani.

Tulipoleta habari hii katika ibada ya akina mama, mama mmoja wa kwetu alisimama. Jamaa zake walikufa Gatumba usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, pale wakimbizi wenzetu zaidi ya 150 walipouawa. Akauliza, "Huyo mtu ni wa kundi lile?" Tukamwambia hapana, kundi lake lilikuwa limekwisha kuacha vita mwaka 2003. Akatuangalia, akasema, "Kwa aliyekufa, kundi ni kundi." Akakaa. Hatukuwa na jibu, wala leo hatunalo. Wala tusijidanganye: katika kambi yetu wenyewe wako baba waliobeba bunduki kule Kivu, na watoto wao wanafikiri baba alikuwa mchungaji wa ng'ombe tu. Wakati mwingine sisi tunaotoa ushauri ndio hao hao.

Baba yule hatimaye alisema. Hatukumshauri sisi. Usiku mmoja umeme ulikatika, kijana akiwa na vitabu vyake, naye baba akaanza gizani. Kijana akamuuliza, "Uliua mtu?" Akajibu, "Ndiyo." "Wangapi?" "Sijui. Usiku mtu hajui." Halafu kijana akauliza swali ambalo baba hakulitazamia: "Yuko mmoja unayemjua jina?" Akasema yuko mmoja.

Mama wa mtu huyo bado yuko hai. Anakaa kilima cha pili.

Hapo swali letu likabadilika. Tulidhani tunauliza kama baba anadaiwa ukweli na watoto wake. Kumbe deni la kwanza lilikuwa kwa mwingine, na mtoto ndiye aliyeliona. Tulibishana sana katika kamati. Baadhi yetu walisema kwenda kwa bibi yule ni kumfungulia kaburi upya ili mkosaji apate kulala usingizi, na hiyo si toba bali ni kumtwisha mzee mzigo wa pili. Wengine walisema bibi ana haki ya kujua mwanawe alikufa wapi, na haki hiyo haitegemei kama ukweli utamfariji. Tuliona pande zote mbili zina neno. Mwisho tulikubaliana jambo moja tu, kwamba asiende bila kuuliza kwanza, na aulize kwa njia ya mtu ambaye bibi anamwamini. Mushingantahe mmoja wa kilima kile alitumwa. Bibi alikaa miezi miwili bila kujibu, kisha akasema waje, lakini waje mchana.

Walikwenda wawili, baba na kijana wake, kwa miguu, ingawa baiskeli zimejaa nyumbani. Mke wake anatuambia walirudi jua linazama, na kijana alikuwa amebeba mkungu wa ndizi waliopewa. Yaliyosemwa ndani ya nyumba ile hawajatuambia, nasi hatujawauliza.