KULA KATIKA NYUMBA IPIKWAYO POMBE

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, tangu vijana wetu wa pwani kuenda Ulaya na Marekani kwa masomo na kazi, swali moja halikomi kuulizwa. Kijana hualikwa na wenzake wa kazini kula chakula cha jioni katika mkahawa upikao bia yake wenyewe. Yeye hanywi; ataagiza samaki na maji. Je, ana makosa? Wala swali hili si la mchezo, kwani muulizaji ni mgeni, kazi yake hana yakini nayo, na mara nyingi aliyemwita ni mkubwa wake. Akikataa, aogopa kuonekana ana kiburi.

Yafaa kwanza tuijue nyumba yenyewe. Marekani walipiga marufuku ulevi tangu mwaka 1920 hatta 1933, na mkahawa wa kwanza wa namna hii baada ya marufuku hayo ulifunguliwa katika mji wa Yakima mwaka 1982. Leo ni mingi. Mapipa ya shaba au ya chuma cha pua husimama nyuma ya kioo, mbele ya macho ya walao. Shayiri hurowekwa hatta ichipue, hukaushwa, husagwa, hutiwa maji ya moto mpaka utamu utoke. Makapi huchujwa yakaondolewa. Maji matamu yale huchemshwa pamoja na maua machungu yaitwayo hopsi, na yakisha kupoa hutiwa hamira, nayo huila sukari na kuigeuza ulevi. Watu huenda na wake zao na watoto wao, hapana ngoma wala matusi. Ndipo kijana akadhani kuwa hapa si mahali pa ulevi, ni mahali pa chakula.

Twasema: adabu ya mahali haibadili kilichomo ndani ya bilauri. Abu Musa al-Ash'ari alipotumwa Yemen alimwuliza Mtume wetu (S.A.W.) juu ya vinywaji viwili vya huko, kimoja cha asali na kimoja cha shayiri kiitwacho mizri, akajibiwa kwamba kila kinacholevya ni haramu. Khabari hii imo katika Bukhari na Muslim. Basi hiyo bia ya shayiri haikungoja kuulizwa na watu wa zama zetu. Na sisi watu wa minazi tusijione mbali na jambo hili. Tembo ateremkalo nalo mgema, lingali tamu halijachacha, ni halali. Likisha kuchacha likalevya, ni haramu sawasawa na bia ya Yakima. Mangwe ya makuti na mkahawa wa vioo ni ndugu wa baba mmoja, illa huyu mmoja ana viti vizuri.

Ama yule asiyekunywa, tazama yaliyopokewa na Tirmidhi kwa Jabir: Mtume (S.A.W.) amemkataza amwaminiye Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho asikae katika meza inayopitishwa khamri. Hakusema asinywe, kwani hilo lilikwisha kujulikana; amesema asikae. Na imesimuliwa kwamba Umar bin Abdulaziz aliletewa watu waliokamatwa katika ulevi, akaambiwa kuwa mmoja wao alikuwa amefunga saumu. Akaamuru aanzwe yeye huyo kuadhibiwa, kwa kuwa saumu yake haikumwondoa pale alipokaa.

Walakin tusichanganye mambo. Kukaa meza moja na wanywao kwa khiyari yako, hili halina njia. Kukaa meza ya mbali katika nyumba hiyo hiyo ni jepesi kuliko lile, na juu ya hivyo mtu mwenye kuichunga dini yake ataliepuka, maana thamani ya samaki wake yaingia sanduku moja na thamani ya bia. Msafiri aliyefika usiku asione chakula pengine, na anunue kilicho halali, achukue aende zake.

Na jiko lake nalo lina khatari. Samaki wengi wa huko huvikwa rojo la unga lililokorogwa kwa bia, kisha wakakaangwa. Kwa madhehebu yetu ya Shafi khamri ni najisi, wala moto hauitoharishi. Basi samaki yule haliwi, na viazi vilivyokaangwa kwa mafuta yale yale haviliwi. Kome nao hupikwa kwa bia. Ama mkate wa makapi ya shayiri, makapi yale yameondolewa kabla ya hamira kutiwa, kwa hivyo hayana ulevi. Aulize tu ulikandwa kwa maji au kwa bia.

Basi kijana wetu afanyeje? Na amwendee mkubwa wake mapema, si siku ya karamu mbele ya watu, amwambie kwa upole kuwa dini yake yamkataza kukaa penye ulevi, na papo hapo amtajie mkahawa mwengine au chakula cha mchana. Wengi wao wakielezwa hivi hawachukii. Lichukizwalo ni udhuru wa uwongo, leo tumbo, kesho kichwa. Tena bora kuliko yote, awaalike wao nyumbani kwake, awapikie biriani au samaki wa kupaka. Wallahu aalam.