Zinki Ilipowanyima Shaba

Mwaka 2008, madaktari wa neva wa Dallas, Marekani, walieleza habari za wagonjwa 4 ambao miguu ilikuwa ikiwashinda. Ganzi, kuyumba, nguvu kupungua. Damu ilipopimwa, shaba ilikuwa imepungua mno, na zinki imezidi. Wote walikuwa na meno ya bandia, na waliyashikiza kwa krimu yenye zinki. Walimaliza mirija 2 au zaidi kwa wiki, ilhali mrija mmoja hutosha wiki kadhaa. Krimu hiyo waliimeza kidogo kidogo, kwa miaka.

Zinki ikizidi, seli za utumbo hutengeneza kwa wingi protini iitwayo metalothionini. Ajabu ni kwamba protini hiyo, iliyozalishwa kwa sababu ya zinki, huing'ang'ania shaba kuliko zinki yenyewe. Shaba ikishanaswa haifiki kwenye damu. Seli hizo hupukutika baada ya siku chache na kutoka nayo chooni. Basi mtu anakula mlo kamili, na bado mwili unakosa shaba. Protini zinazozipa neva nishati na kinga, kama sitokromu oksidesi, hazifanyi kazi bila ioni za shaba, na uti wa mgongo huumia mapema. Wafugaji wa Australia Magharibi waliyaona hayo tangu miaka ya 1930: kondoo jike walipokosa shaba malishoni, wana wao waliyumba miguu ya nyuma.

Linaloniuma ni kwamba mgonjwa akipewa shaba, shaba kwenye damu hurudi upesi, lakini neva mara nyingi hazirudi zilivyokuwa.

Hata hivyo, mama asije akaogopa zinki anayopewa mtoto anayeharisha. Zinki hiyo, kwa siku 10 hadi 14 pamoja na ORS, ni dawa inayookoa maisha; ampe mpaka amalize. Ninayemhofia ni mtu mzima aliyeanza vidonge vya miligramu 50 wakati wa Korona na hajaviacha hadi leo, wakati kikomo cha mtu mzima kwa siku, chakula na vidonge pamoja, ni miligramu 40. Ndugu yangu, kama ni wewe, na nyayo zimeanza kufa ganzi, mweleze daktari kila unachomeza, na umwombe akupime shaba.