Kimo cha Meza ya Kunolea

Swali ninalotaka kulizungumza hapa laweza kuonekana dogo mno kuingizwa kitabuni: meza ya mashine ya kunolea visu yapaswa kuwa na kimo gani? Zamani ningekutajia tarakimu, tukaendelea na mengine. Siku hizi nauliza kwanza ni nani atakayesimama mbele yake.

Nina karakana ndogo mjini Moshi. Tunatengeneza visu vya jikoni na vya buchani kwa chuma cha springi kuukuu za malori. Mwaka 2011 niliunda mashine yangu ya kwanza: mota ya umeme, magurudumu matatu, na mkanda wa msasa wenye upana wa sentimita 5 unaoteremka kwa kasi mbele ya kibao cha chuma. Meza yake niliichomelea mwenyewe siku ya Jumamosi. Nilisimama wima, nikakunja mkono, nikapima kutoka sakafuni hadi kiwikoni: sentimita 112. Nikaipandisha meza hata mahali kisu kinapogusa mkanda pakawa sawa na kiwiko changu. Mimi ni mtu mrefu. Nilijiona fundi hodari kwa kuwa nilipima wakati wengine hukisia.

Na kipimo hicho kina sababu. Anayenoa vizuri hanoi kwa mikono. Viwiko huvibana ubavuni, vigasha vikalala sawa na sakafu, kisha mwili mzima ndio unaohama kutoka mguu mmoja hadi mwingine, ukikivuta kisu kutoka shinani hadi nchani. Hapo pembe ya makali haibadiliki. Mkanda ukiwa juu ya kiwiko, mabega hupanda, viwiko hutanuka kama mbawa za kuku aliyelowa mvua, na kisu hushikiliwa na misuli midogo inayochoka upesi. Aliyechoka hukandamiza. Akikandamiza, chuma hupata moto, hugeuka rangi ya buluu, na ule ugumu kilioupata motoni na katika mafuta huwa umekwenda zake. Mkanda ukiwa chini mno, mgongo ndio unaolipa. (Fuawe ni habari nyingine. Hilo huwekwa chini, usawa wa ngumi ya mkono ulioning'inia, kwa kuwa nyundo yataka uzito wa mwili.)

Mwaka 2013 akaja kijana kujifunza kazi. Kiwiko chake kilikuwa sentimita 97 kutoka chini, lakini hilo nililijua baadaye, maana sikumpima. Visu vyake vilitoka na mawimbi. Nilimwonyesha, nikamwonyesha tena, nikamwambia, "Utazoea." Alipozidi kuharibu nikamtupia methali: mchagua jembe si mkulima. Naye hakuwa amechagua jembe lolote. Hakuwa hata amelalamika. Kwa miezi minne nilimhesabu moyoni mwangu kuwa mzembe.

Siku moja alileta kreti tupu ya soda, akaipindua, akasimama juu yake. Nilimwona. Nilicheka kidogo, nikaendelea na kazi yangu. Visu vyake vikaanza kunyooka, nami nikasema, naam, sasa anazoea. Wiki ya pili kreti iliteleza. Mkanda ulimla ukucha wa kidole cha shahada pamoja na nyama iliyokuwa chini yake. Jioni, tukirudi kutoka hospitali, nilimwuliza kwa nini hakuniambia kwamba meza imemzidi kimo. Akanijibu kwa adabu, "Mzee, nilidhani mashine ndivyo ilivyo."

Jibu hilo lilinikosesha usingizi. Kumbe kwake kimo cha meza kilikuwa kama kimo cha Kibo, kitu alichokikuta duniani. Mimi ndiye niliyejua kwamba kilitoka kwenye kiwiko changu, na bado nilimwambia azoee.

Je, ni kosa kumtaka mtu azoee? Siwezi kusema hivyo. Kazi ina mambo yake ambayo hayapunguzwi: joto, subira, kuharibu visu kumi kabla ya kupata kimoja. Hata kulazwa chini kumewahi kuwa na sababu. Katika mji wa Thiers, nchini Ufaransa, wanoaji wa visu walikuwa wakifanya kazi wamelala kifudifudi juu ya ubao, jiwe likizunguka chini yao kwa nguvu za mto Durolle, na mbwa wao wakilala juu ya miguu yao kuwapa joto. Ni maisha magumu, lakini mtu angeweza angalau kuusingizia mto. Mimi nilikuwa na mto gani? Nilikuwa na mashine ya kuchomelea na vipande vinne vya chuma ambavyo ningeweza kuvikata kokote.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mhunzi huko Mamba, mlimani Kilimanjaro. Yeye na waliomsaidia walifua chuma wameketi chini, mivukuto ya ngozi kando yao. Simkumbuki akizungumzia kimo cha kitu chochote. Watu wakiketi chini hukaribiana sana kwa urefu. Ni tuliposimama na kuwa na meza ndipo swali hili lilipozaliwa, na ndipo mmoja akapata nafasi ya kuifanya meza iwe yake.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa kugawana. Niliishusha meza hadi sentimita 104, katikati yake na yangu, nikaona nimetenda haki. Baada ya wiki mbili mgongo wangu ulikuwa ukiniuma kila alasiri, na mabega yake yalikuwa bado juu. Tulikuwa tumegawana maumivu, na visu vya wote wawili vikaharibika.

Ndipo nikairudisha meza juu na kuunda jukwaa la mbao, pana, lenye kimo cha sentimita 15, miguu yake imefungwa kwa bolti na juu limepigiliwa mpira wa tairi. Mfupi aweza kuinuliwa. Mrefu hakatwi miguu. Nilidhani mambo yamekwisha. Kisha nikagundua kwamba kila asubuhi ni yeye aliyelikokota jukwaa kutoka pembeni, na kila alipomaliza alilirudisha, ili nikija nikute pako wazi. Meza ilikuwa bado yangu; yeye alikuwa mgeni aliyeruhusiwa. Tangu siku hiyo jukwaa hukaa mbele ya mashine, na mimi ndiye ninayelisogeza zamu yangu ifikapo. Ni zito. Siku nyingine nikiwa na haraka hujikuta nikinung'unika, nami nakiri kwamba manung'uniko hayo yamenifundisha mengi kuliko ajali yenyewe.

Je, nilikuwa na hatia? Rafiki mmoja aliniambia kwamba sikujua, na asiyejua hana kosa. Ningependa kumkubalia. Lakini futi ilikuwa mfukoni mwangu miezi yote ile minne.

Kijana yule sasa ana karakana yake. Ukucha uliota tena, umepinda kidogo. Huku kwangu wamekuja wanafunzi wengine wawili, na kila mmoja siku ya kwanza nimemwambia asimame wima akunje mkono. Wa pili alinyoosha na mabega pia, akaniuliza kama sare zitakuwa na mifuko.