Mtoto Awe na wa Kumsimulia Ndoto Yake



Daktari wa akili za watoto hana mfupa uliounga wa kutuonyesha. Kazi yake kubwa ni kukaa chini, macho yake yawe sawa na macho ya mtoto, kisha asubiri. Mtoto hasemi, "Nina huzuni." Husema, "Tumbo linaniuma." Hukojoa kitandani ilhali alishaacha. Hupigana na wenzake, hugoma kwenda shule, huamka usiku akipiga mayowe. Daktari humpa kalamu achore, humwacha acheze, na baada ya siku nyingi mtoto hutamka neno moja ambalo nyumba nzima ilikuwa haijalisikia. Nataka leo tuwakumbuke watu wa kazi hii waliokwishatangulia mbele ya haki, na hasa wale waliorudi kwao jioni, wamechoka, wakabaki na sikio la kuwasikiliza watoto wao wenyewe.

Kazi hii ina asili katika Kitabu chetu. Nabii Yusuf (A.S.), akiwa mtoto, aliota ndoto nzito, akaenda moja kwa moja kwa baba yake kumsimulia. Nabii Yaqub (A.S.) hakumcheka wala hakumwambia aende akacheze. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwonya juu ya husuda ya ndugu zake, akamtuliza kwa neema ya Mola wake. Kisha ndugu zake wakamtupa kisimani. Ukapita msafara, wakamtoa kisimani, wakamuuza kwa dirhamu za kuhesabika.

Watu wa Tabora, sisi hatuna ruhusa ya kuisoma habari hiyo ya msafara kwa haraka. Njia ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, ikaendelea hadi Ujiji, mwendo wa kilomita kama 1,200. Tunajivunia wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwa ujira wao, na tuna haki ya kujivunia. Lakini kwenye njia hiyohiyo walitembezwa watoto waliotekwa, na miongoni mwa waliowauza walikuwamo watu walioelekea kibla tunachoelekea sisi. Tuliseme hilo msikitini, maana Mungu analijua.

Mwaka 1871, msafiri Mzungu Stanley alipokuwa Kwihara, hapa karibu, mfanyabiashara Mwarabu alimpa mtoto wa kiume kama zawadi. Mtoto yule aliitwa Ndugu Mhali. Akabadilishwa jina, akaitwa Kalulu. Alipelekwa Ulaya, akapelekwa Marekani, watu wakamtazama. Mwaka 1877, akiwa bado kijana mdogo, alizama katika maporomoko ya mto Kongo. Yusuf alikuwa na baba aliyelia mpaka macho yakapofuka. Mtoto huyu alipotolewa zawadi pale Kwihara, nani aliinama akamuuliza usiku uliopita ameota nini?

Mtoto mwingine alitoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akaishia Bagamoyo akiwa mtumwa. Alilelewa katika nyumba ya Amir bin Sulayman al-Lamki. Kumnunua mwanadamu ni dhuluma, na wema wa baadaye haugeuzi jina lake. Hata hivyo, mtoto yule alipata elimu, akapata walimu waliomwona. Akawa Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye pwani na bara walimjua kwa jina la Sheikh Ramiya, khalifa wa twarika ya Qadiriyya. Alifariki mwaka 1931, na mwanawe, Sheikh Muhammad, akashika nafasi yake. Sidai kwamba elimu ilifuta machungu ya utotoni. Hayo ni siri yake na Mola wake. Ninachokiona ni kwamba mtoto aliyenyang'anywa wazazi alikuja kuwa baba, na mlezi wa maelfu.

Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alikuwa na dola ya kuongoza na umma wa kuufundisha, na bado alipata nafasi ya kumsikiliza mtoto. Anas bin Malik alikuwa na ndugu mdogo, Abu Umayr, aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Kindege kikafa. Mtume akamwona mtoto ana huzuni, akamwita kwa kuniya yake kama anavyoitwa mtu mzima, akamuuliza habari za kile kindege. Hakumwambia kwamba ndege ni kitu kidogo. Kwa mtoto hakikuwa kidogo.

Tujitazame sasa. Baba yuko migodini Kahama au Geita, mama amefariki, mtoto analelewa na bibi. Akinyamaza tunasema ana adabu. Akipiga kelele tunasema ana mapepo, anafungwa kamba, anachapwa. Ruqya ni sunna, wala sitamzuia mzazi kumsomea mwanawe Qur'ani. Lakini Mtume huyohuyo alituamuru tutafute tiba. Basi msomee, kisha mpeleke hospitali ya Kitete, uulize huduma ya afya ya akili, na umweleze daktari yote bila kuona aibu. Kumfunga mtoto kamba hakumo katika Qur'ani wala katika sunna.

Nanyi mnaofanya kazi za kuwahurumia watoto wa wengine, madaktari, walimu, walimu wa madrasa: Mtume ametufundisha kwamba mbora wetu ni aliye mbora kwa watu wa nyumbani kwake. Ni uzito kweli kumsikiliza mtoto wa mwenzako mchana kutwa, kisha usiku umsikilize wako. Daktari aliyeyaweza yote mawili ameacha elimu yenye kunufaisha, na ameacha watoto wa kumwombea dua. Hayo ni mawili katika yale matatu ambayo Mtume alisema hayakatiki mtu anapokufa.

Ewe Mola, warehemu madaktari wa watoto waliotutangulia, wape subira wake zao, waume zao na watoto wao. Warehemu watoto waliokufa katika njia ya misafara, ambao majina yao unayajua Wewe. Na utupe sisi wazazi, usiku huu huu, ulimi wa kuuliza na subira ya kungoja jibu. Amin.