Njiani Pamoja, Njiani Peke Yako
Neno kwa waendesha pikipiki, na kwa sisi tunaopanda nyuma yao

Masomo: Mhubiri 4:9–12, Luka 2:41–52, Luka 10:25–37



Katika Litania ya Kitabu chetu cha Sala twawaombea wote walio safarini, wa nchi kavu na wa majini. Zamani msafiri tuliyemfikiri katika sala hiyo alikuwa mtu wa meli, au wa gari moshi, au mwenye fimbo na kibuyu chake. Leo hapa Mwamapalala msafiri huyo ni kijana wa nyumbani mwetu, aketiye juu ya pikipiki. Yeye ndiye achukuaye mgonjwa usiku kwenda zahanati. Yeye ndiye aletaye mbegu na mbolea, na wakati wa mauzo ya pamba hapumziki. Hata mwinjilisti aendapo mtaa wa mbali kuhubiri, mara nyingi hufika nyuma ya mgongo wa kijana huyo. Basi si vema kumwombea kwa midomo tu, bila kufikiri pamoja naye juu ya njia yake.

Jina la bodaboda lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako tangu miaka ya 1960 watu walivushwa kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Kwetu Tanzania kazi hii ya kubeba abiria kwa pikipiki iliwekewa kanuni zake mwaka 2010, na leo iko chini ya LATRA, mamlaka iliyoundwa mwaka 2019. Ni kazi halali. Mtu aifanyaye kwa uaminifu asione haya kuitaja mbele za Mungu.

Lakini kijiweni vijana hubishana. Mmoja husema, heri kwenda wengi pamoja, maana njia ni ndefu na watu wabaya wako. Mwingine hujibu, heri kwenda peke yangu, maana hakuna anishindishaye mbio, wala anitiliaye vumbi machoni. Yupi asema kweli? Tukifungua Maandiko twaona kwamba kila mmoja ana sehemu ya kweli, na kila mmoja ana hatari asiyoitazama.

Kwanza: ole wake aangukaye peke yake.

Mhubiri aliliona jambo hili kabla ya pikipiki kujulikana. Asema juu ya wawili, kwamba mmoja akianguka mwenziwe humwinua. Bali aliye peke yake akianguka, nani atamwinua? Sisi watu wa Simiyu hatuhitaji kufafanuliwa. Twaijua mbuga yetu, ule udongo mweusi. Wakati wa kiangazi ni mgumu kama tofali na una nyufa. Mvua ikinyesha huteleza kama sabuni, tena huganda katika tairi mpaka gurudumu halizunguki chini ya madigadi. Mwendesha pikipiki akianguka huko jioni, mguu ukavunjika chini ya chombo, na simu haipati mawimbi, atalala hapo hata asubuhi mchunga ng'ombe apite. Si jeraha tu liuaalo njiani. Kukawia kupata msaada huua pia.

Tena kuna hatari ya watu. Mara nyingi katika nchi yetu imesikika habari ya kijana aliyekodiwa usiku na abiria asiyemjua, akapelekwa mahali pasipo nyumba, na huko akanyang'anywa pikipiki, pengine na uhai wake. Wazee wetu Wasukuma na Wanyamwezi, walipochukua mizigo kwenda Bagamoyo katika karne ya 19, hawakwenda mmoja mmoja. Walikwenda kwa misafara, wakapanga mahali pa kulala, na aliyeugua alijulikana kuwa ameugua. Bwana wetu naye alipowatuma wale Thenashara aliwatuma wawili wawili, kama tusomavyo katika Marko 6:7. Angaliweza kuwatuma mmoja mmoja, wakafika vijiji mara mbili ya vile. Hakufanya hivyo. Alihesabu kuwa ni afadhali vijiji vichache na mtume aliye na mwenzake.

Pili: kundi nalo laweza kumpoteza mtu.

Hapa wale wapendao kundi wasikilize. Katika Luka 2 twasoma kwamba Mariamu na Yusufu walikuwa wakirudi kutoka Yerusalemu katika msafara mkubwa wa ndugu na jamaa. Walikwenda mwendo wa siku nzima, nao wakidhani kwamba mtoto Yesu yumo katika msafara. Hayumo! Wala hawakuwa wazazi wabaya. Ni kwamba katika watu wengi kila mtu hudhani mwingine anaangalia. Kama wangalikuwa watatu tu njiani, wangaligundua kabla ya kufika kisima cha kwanza.

Vivyo hivyo katika msafara wa pikipiki. Wa kwanza hulipita lori, na wa pili humfuata akidhani njia ni nyeupe, kumbe ilikuwa nyeupe kwa yule wa kwanza peke yake. Wa tatu yumo katika vumbi la wenzake, halioni shimo. Wa mwisho akipata pancha, wa mbele wamekwisha kufika kilomita 10 mbele, na kila mmoja adhani kwamba yule mwenzetu yumo nyuma yetu anakuja.

Tena kundi huondoa haya. Tazameni misafara ya harusi, ya mikutano ya siasa, hata ya mazishi. Kijana ambaye siku zote huvaa kofia ngumu, siku hiyo huivua, maana hataki kuwa mmoja tu aliyevaa. Mwingine husimama juu ya kiti, mwingine huachia mikono. Wanamsindikiza mwenzao kaburini aliyekufa kwa ajali, na katika kumsindikiza wanatafuta ajali ya pili. Torati ilikwisha kuonya katika Kutoka 23:2 kwamba tusiwafuate walio wengi katika kutenda uovu. Wingi wa watu haugeuzi kosa kuwa haki.

Na liko jambo zito zaidi, ambalo hatuna budi kulisema. Gari likimgonga mwendesha pikipiki, wenzake hukusanyika kwa dakika chache. Huo ni upendo, nao ni mzuri. Lakini mara nyingine upendo huo hugeuka hasira kabla majeruhi hajainuliwa. Dereva hupigwa, gari huchomwa moto, wala hakuna aliyeuliza kosa lilikuwa la nani. Majeruhi yuko chini anavuja damu, na rafiki zake wanatafuta mawe! Sisi wa Usukumani twajua somo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sungusungu waliinuka Usukumani na Unyamwezini ili kulinda ng'ombe na nyumba, na watu wengi wakalala usingizi kwa ajili yao. Hata hivyo wako waliopigwa na kuuawa pasipo hukumu ya mahakama. Nguvu ile ile iliyolinda iliumiza pia. Basi mkristo akiwa katika kundi la namna hiyo, kazi yake ya kwanza ni kumwinua aliyeanguka, na ya pili ni kusimama mbele ya dereva yule asiuawe, hata kama wenzake watamcheka au kumsukuma. Siku hiyo ndipo itakapojulikana kama ubatizo wake ulikuwa maji tu.

Tatu: kuna upweke ulio mwema.

Hatusemi kwamba kila aendaye peke yake ni mjinga au mwenye kiburi. Mtume Paulo, katika Matendo 20:13, aliwaacha wenzake waende kwa merikebu, naye akashika njia ya miguu mpaka Aso. Luka hatuambii sababu. Yatosha kujua kwamba wenzake walijua anapopita, na mahali pa kumpokea palikuwa pamepangwa. Bwana Yesu mwenyewe aliondoka alfajiri kwenda mahali pasipo watu akaomba. Katika Gethsemane aliwachukua watatu, kisha akaendelea mbele kidogo, peke yake. Alitaka wenzake wawe karibu, lakini kikombe hakikuwa chao.

Hata Injili ilipofika katika nchi hizi za ziwa ilikuja kwa njia hiyo. CMS ilituma kundi la watu 8 mwaka 1876. Mwezi Desemba 1877 wawili wao, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa pamoja Ukerewe, na Padre Wilson akabaki peke yake katika kazi ile ya ziwani mpaka Mackay alipowasili mwaka 1878. Wawili walikufa pamoja, na mmoja akaishi peke yake. Kwa hiyo hatusemi kwamba kundi ni kinga ya kila hatari. Twasema kwamba upweke wa utumishi ni jambo moja, na upweke wa mtu asiyetaka kuulizwa anakwenda wapi ni jambo jingine.

Nne: swali la Bwana si "wangapi" bali "nani alikuwa jirani".

Sasa tusome Luka 10 kwa macho ya mwendesha pikipiki. Mtu mmoja alishuka peke yake kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Kuhani alipita, kisha Mlawi, kisha Msamaria. Tazameni jambo la ajabu: njiani pale kundi pekee linalotajwa ni la wanyang'anyi! Wao ndio waliokuwa na umoja siku hiyo. Na aliyeokoa uhai wa mtu hasimuliwi kuwa na mwenzi yeyote.

Msamaria alikuwa na mnyama wake, na mnyama huyo ndiye pikipiki ya siku zile. Alimpandisha mtu yule juu yake, bila kupatana nauli. Alipoteza safari yake, akapoteza mafuta yake na divai yake, akalipa dinari mbili, na akaahidi kurudi. Kuhani na Mlawi yamkini waliogopa, wakadhani ni mtego. Hofu hiyo twaifahamu, maana hata leo wako wajilazao barabarani ili kuwanyang'anya wanaosimama. Ndiyo maana ni vema kuwa wawili: si ili tuwe wengi, bali ili tuweze kusimama. Mmoja aangalie porini, na mwingine apige magoti kando ya majeruhi. Wawili wapitao mbio wameshindwa na Msamaria mmoja aliyesimama.

Basi, ndugu zetu, tufanye nini? Twatoa mashauri haya, mepesi kushikwa:

1. Uendapo peke yako, usiende bila kujulikana. Acha neno kijiweni au nyumbani: umemchukua nani, unakwenda wapi, utarudi saa ngapi. Saa ikipita, wenzako wakutafute pasipo kungoja kuche.

2. Mwendapo wengi, yule aendaye polepole ndiye awe kiongozi wa mwendo. Acheni nafasi kati ya chombo na chombo, msilipite gari kwa mkupuo, na yuko mmoja awe wa mwisho, aliyechaguliwa, ambaye hamwachi mtu nyuma yake. Kila njia panda hesabianeni.

3. Vaeni kofia ngumu, wewe na abiria wako. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, si mzaha wa trafiki. Wataalamu waliokusanya tafiti za nchi nyingi wamekadiria kwamba kofia hupunguza vifo vya waangukao kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kofia iliyotundikwa kwenye usukani haimwokoi mtu.

4. Abiria nasi tuna sehemu yetu. Tusimwambie kijana "kaza mwendo, nimechelewa," kwa maana kuchelewa ni kwetu na kaburi litakuwa lake. Tusikubali mshikaki wa watu watatu ili kupunguza nauli. Mama amtumaye mwanawe usiku afikiri kwanza kama haja hiyo haiwezi kungoja asubuhi.

5. Wazee wa kanisa katika kila mtaa wawajue vijana wa pikipiki kwa majina, wawatembelee kijiweni kama watembeleavyo wagonjwa. Wako ambao hawaji ibadani Jumapili kwa sababu siku hiyo ndiyo yenye abiria. Tusiwahukumu kabla hatujaenda kwao.

Ndugu, Mungu hakutuumba tuishi kama mtu aliye peke yake duniani, wala hakutuumba tupotee katika wingi wa watu. Alituita kwa jina, mmoja mmoja, akatuweka katika mwili mmoja. Mwendesha pikipiki ajuaye hayo, akiwa peke yake gizani anajua kwamba anaangaliwa, na akiwa katika kundi anajua kwamba ataulizwa yeye mwenyewe.

Tuombe.

Ee Bwana, uliyetembea njia za vumbi pamoja na rafiki zako, na ile ya msalaba ukaimaliza peke yako, uwalinde vijana wetu walio njiani mchana na usiku. Aangukaye umpe mwenzi wa kumwinua. Aliye katika kundi umpe moyo wa kukataa uovu. Apitaye penye majeruhi umpe ujasiri wa kusimama. Nasi sote utufikishe nyumbani kwako, asipungue hata mmoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.